Upasuaji wa dharura wa utumbo mwembamba: Jinsi madaktari wanavyokadiria hatima ya mgonjwa

Mgonjwa anapofikishwa hospitalini tumbo likiwa limefura, akitapika na kushindwa kwenda haja, jamaa zake huuliza swali moja: je, atapona? Madaktari wa upasuaji nao hujiuliza swali lilo hilo, ila wao hulijibu kwa hesabu.

Kwa mkazi wa Cheptiret, kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara kuu ya Eldoret kuelekea Nakuru, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), mjini Eldoret, ambayo chimbuko lake ni la mwaka wa 1917. Kabla ya kufika huko, wagonjwa wengi hupitia zahanati, na kila kituo hula saa zake.

Chanzo cha hatari

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6. Huweza kuzibwa na ngiri iliyokwama, nyuzi za kovu la upasuaji wa awali, uvimbe au, hasa kwa watoto, minyoo. Aidha, huweza kujisokota, ama kutobolewa na homa ya matumbo.

Damu inapokatika, sehemu iliyoathiriwa huanza kufa baada ya saa chache. Vijidudu na sumu huingia mwilini, mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hushuka na figo hulemewa. Daktari hulazimika kuikata sehemu iliyooza. Mgonjwa akibakiwa na chini ya mita 2 za utumbo huo, huenda mwili ukashindwa kufyonza chakula na maji ya kutosha.

Mizani zinazotumika

Mizani ya zamani zaidi ni ya ASA, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1941. Humweka mgonjwa katika daraja kulingana na afya yake kabla ya upasuaji: daraja la kwanza ni mtu mwenye afya njema, na la tano ni yule asiyetarajiwa kuishi bila kupasuliwa.

Mwaka wa 1985 ilichapishwa mizani ya APACHE II kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Mwaka wa 1991 Waingereza walileta POSSUM, inayojumlisha mambo 12 ya hali ya mwili, kama vile umri, moyo, shinikizo na wingi wa damu, na mambo 6 ya upasuaji wenyewe, ukiwemo uchafu uliokutwa tumboni. Ilipobainika kwamba ilitia chumvi idadi ya vifo miongoni mwa wagonjwa wenye hatari ndogo, ilirekebishwa mwaka wa 1998 na kuitwa P-POSSUM.

Matokeo ya hesabu hizo ni asilimia. Mgonjwa anayekadiriwa kuwa na hatari ya asilimia 20 ni mmoja wa kundi ambalo, kati ya kila 100, watu 20 wanatarajiwa kufariki. Mizani haisemi ni yupi, wala si kibali cha kumnyima mtu matibabu.

Faida yake ni nyingine. Humwezesha daktari kuamua nani apewe kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, na ni wakati gani daktari mwenye tajriba pevu aitwe usiku. Pia humsaidia kuwaeleza jamaa ukweli kabla hawajatia sahihi fomu ya idhini.

Walakini, mizani hizi zilibuniwa katika nchi tajiri na nyingi huhitaji majibu ya maabara, hivyo zinafaa kupimwa kwanza kwa wagonjwa wa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu wagonjwa 10,745 katika mataifa 58 ulionyesha kuwa vifo baada ya upasuaji wa dharura wa tumbo vilikuwa mara tatu zaidi katika nchi zenye maendeleo duni, hata baada ya kuzingatia hali za wagonjwa. Mwingine wa mwaka wa 2018, uliohusisha mataifa 25 ya Afrika, ulibaini kwamba wengi wa waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji, wakiwa wodini. Kwa hivyo uangalizi wa baadaye una uzito sawa na kisu.

Saa zilizopotea

Mgonjwa hawezi kubadilisha umri wake, lakini saa za kusubiri nyumbani zinaweza kupunguzwa. Wahenga walinena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa usemi huo ni kweli kwa maana yake halisi.

Maumivu makali yasiyokoma, kutapika nyongo, tumbo kufura na kukosa kutoa hata upepo ni dalili za kukimbilia hospitali, si za kunywa dawa ya kuharisha. Mgonjwa asile wala asinywe chochote njiani. Anayemsindikiza awe tayari kueleza maumivu yalianza saa ngapi, ikiwa mgonjwa amewahi kupasuliwa, na dawa anazotumia. Majibu hayo ndiyo mwanzo wa hesabu.