Machungwa ya Malindi

Nahodha alisema tung'oe nanga Lamu saa mbili asubuhi, mchana tuwe Pate. Saa tatu mimi bado nilikuwa nazunguka mjini nikitafuta pa kuchaji simu. Tukaondoka saa tano. Kufika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yalikuwa yanakupwa. Mashua ikakwaruza mchanga, ikasimama. Mabaharia wakasukuma kwa pondo, wapi!

Niliomba radhi. Nahodha akacheka. "Maji yana saa zake, mwanangu. Wacha tupike."

Tukachoma changu, tukala na wali, tukajinyoosha kwenye kivuli cha tanga huku mizizi ya mikoko ikibaki wazi pande zote. Sijawahi kula samaki mtamu vile. Hapo ndipo nilipomkumbuka Vasco da Gama.

Shuleni tulimkariri kwa mwaka tu: 1498, Malindi, basi. Habari ya pepo hatukuambiwa, na bila pepo hadithi yenyewe haieleweki. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, huleta vyombo kwetu kutoka Uarabuni na India. Kusi, kuanzia Aprili, huvirudisha. Mpwani yeyote wa wakati ule alijua.

Da Gama alifika Malindi mwezi Aprili, mfalme wa pale akampa rubani, akaondoka tarehe 24. Mei 20 yuko Calicut. Hata mwezi haukuisha. Ukiishia hapo utadhani bahari ile ni mteremko.

Sasa mtazame akirudi. Alikuwa amekosana na mtawala wa Calicut, na mapema Oktoba akatweka tanga kutoka India bila kungoja kaskazi. Akakuta shwari, kisha upepo wa mbele, kisha shwari tena. Karibu miezi mitatu hawakuona nchi kavu. Kiseyeye kikawaingia, ufizi ukavimba hadi kufunika meno. Watu 30 hivi walikufa njiani, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu za kufanya kazi.

Januari 7, 1499 wakatia nanga Malindi. Da Gama akamwomba mfalme machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kesho yake yakaletwa. Wengine walikufa hapohapo hata hivyo. Siku chache baadaye, karibu na Tanga, Wareno wakaichoma wenyewe São Rafael, maana mabaharia hawakutosha tena merikebu tatu. Na mwaka 1505 Wareno hao hao wakaiteketeza Mombasa.

Leo nguzo ya da Gama bado imesimama Malindi, watu huenda kupiga picha. Aliyeleta machungwa hana nguzo.

Mimi nimezoea kuambiwa nimekwama. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kila nikienda nyumbani naulizwa lini nitasonga, na huwa nakimbilia chochote kilicho mbele yangu ili nionekane naenda mahali. Pale Mkanda tulikwama kwelikweli, saa nzima nzima, na hakuna aliyeona aibu isipokuwa mimi.

Saa kumi na mbili jioni mashua ikatikisika, ikaelea yenyewe. Pate tulifika saa tatu usiku, maji yamejaa hadi gatini, simu yangu imezimika kitambo.