Kabla ya Klabu za Malihai: Watoto na Wanyama Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mara nyingi historia ya kuwafundisha wanafunzi wa Tanzania habari za wanyama husimuliwa kuanzia mwaka 1980, Klabu za Malihai zilipoanzishwa Arusha. Kwa klabu zenyewe tarehe hiyo ni sawa. Kwa watoto wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, imechelewa mno. Huko mtoto alikabidhiwa mnyama, na wajibu wa kumtunza, kabla hajashika ubao wala chaki. Ushahidi unaonyesha kwamba shule, tangu ya misheni hadi ya serikali, haikukuta watoto wasiojua kitu. Ilikuta elimu iliyokuwa hai, ikaiweka kando, kisha baada ya miongo mingi ikarudi na elimu nyingine iliyojaa wanyama wa mbali. Hasara ya tendo hilo bado tunaibeba, na bado inarekebishika.

Ushahidi wa kwanza umo katika kazi ya wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya Wanyakyusa, wenyeji wa eneo hilo, kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya rika kinaeleza jinsi mvulana wa miaka sita hivi alivyoanza kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake wa jirani, akaendelea hadi alipofikia kumi au kumi na mmoja. Hapo aliwaachia wadogo zake kazi hiyo, akashika jembe, akahamia kulala katika kijiji cha wavulana wa rika lake. Kwa hiyo urafiki uliounda kijiji ulianzia malishoni. Kazi ya namna hii haiwezekani bila maarifa: kumtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajaanguka, kujua majani na maji yanayofaa, kumzuia asiingie shamba la mtu. Aliyezembea alijibu mbele ya baba yake na mbele ya rika zima. Sambamba na malisho kulikuwa na vichaka vitakatifu, kama Lubaga, mahali pa Lwembe, na pango la Kyala karibu na Matema, mashujaa wa kale walioheshimiwa na Wanyakyusa. Miti ya mahali hapo haikuguswa ovyo. Mtoto alikua akijua kwamba ipo ardhi isiyoingiliwa na shoka, na sababu yake aliisikia kwa wakubwa wake, bila kibao chochote cha serikali.

Atakayesema kwamba ninaipamba enzi hiyo ana haki ya kusikilizwa. Wavulana hao walitega ndege na kuwinda panya. Ng'ombe walichinjwa kwa wingi misibani, na fimbo haikuwa mbali na mgongo wa mnyama. Tena wasichana hawakupewa nafasi ile ya malishoni. Yote hayo ni kweli, na sitetei hata moja ili kulinda hoja. Lakini huruma kwa wanyama haikuzaliwa ikiwa kamili mahali popote duniani. Uingereza, iliyotunga sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo mwaka 1822, iliendelea kuwawinda mbweha kwa mbwa hadi karne ya 21. Kinachopimwa hapa ni kama kulikuwa na msingi wa kujengea. Jamii inayomfundisha mtoto wa miaka sita kwamba uhai wa mnyama uko mikononi mwake, na kwamba atahojiwa, tayari ina msingi huo.

Mwaka 1891 Wamoraviani walifika Rungwe, na Misheni ya Berlin ikaingia upande wa mashariki wa nchi hiyohiyo. Baadaye Ipyana, Ikombe na Matema zikawa vituo vya ibada na vya kusoma. Shule ilidai saa za mchana, na saa za mchana zilikuwa saa za malisho. Sidhani kama wamisionari walikusudia kuvunja elimu ya wachungaji wadogo. Hata hivyo, daftari halikuwa na ukurasa wa kile mtoto alichokijua, na mambo ya vichaka vitakatifu yaliwekwa katika fungu la ushirikina. Wakati huohuo dola la Wajerumani lilikuwa likimgeuza mnyamapori kuwa mali ya serikali. Hermann von Wissmann, ambaye jina lake lilipewa meli iliyoshushwa Ziwa Nyasa mwaka 1893, ndiye aliyekuwa gavana mwaka 1896 zilipotolewa kanuni za uwindaji zenye leseni na maeneo ya hifadhi. Waingereza waliendeleza njia hiyo kupitia idara ya wanyamapori na mabwana nyama wake. Tangu hapo mnyama wa msituni akawa jambo la askari na faini, na mtoto wa kijijini akafundishwa kumwogopa bwana nyama kabla ya kufundishwa kumjali mnyama.

Ujio wa uhuru ulileta lugha mpya. Katika Tamko la Arusha la Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba wanyamapori ni amana ya kulindwa kwa ajili ya watoto na wajukuu wetu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ziwe na mashamba na mifugo, na Azimio la Musoma la 1974 likasukuma watoto wote, wachungaji wakiwemo, waingie darasani. Huo ulikuwa wakati mzuri kuliko wote wa kuunganisha malisho na somo. Nafasi hiyo ilitumika nusu tu, kwa sababu mifugo ya shule ilihesabiwa kama mradi wa mapato, na kazi bandani mara nyingi ikawa adhabu kwa mwanafunzi mtundu. Klabu za Malihai zilikuja na moyo wa kweli, zikifuata mfano wa Kenya, ambako klabu za wanafunzi zilianza mwaka 1968. Mwaka 1991 Roots & Shoots ya Jane Goodall nayo ilianzia Dar es Salaam. Hata hivyo, picha iliyotawala elimu ya uhifadhi ilibaki kuwa ya tembo na simba wa kaskazini mwa nchi. Mtoto wa Kyela alijifunza kwamba uhifadhi uko Serengeti.

Kilichotokea Mlima Rungwe mwaka 2003 kinathibitisha gharama ya mtazamo huo. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko walisikia kwa wawindaji habari za kima anayeitwa kipunji, wakamtafuta, wakamwona. Mwaka 2005 alitangazwa kwa wanasayansi kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika baada ya miaka 83. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu wanyama 1,117. Mnyama huyo tayari alikuwa na jina midomoni mwa wenyeji. Maarifa yalikuwepo mlimani muda wote. Yaliyokosekana ni masikio.

Kwa watu wa mwambaoni, kipunji si habari ya jirani. Misitu ya Rungwe na ya safu ya Livingstone ndiyo inayolisha mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayotiririka hadi tambarare ya Kyela, yenye mpunga na kokoa. Katika mito hiyo samaki aina ya mbasa hupanda kutoka ziwani kwenda kutaga kwenye changarawe. Msitu ukikatwa, tope hufunika changarawe. Nyavu zikitandwa mdomoni mwa mto wakati wa kupanda, kizazi kizima hunaswa kabla ya kutaga. Hili ndilo somo la sayansi lililo kamili kuliko lolote ambalo mwanafunzi wa Ipinda au Ngonga angeweza kupewa, na linaonekana kwa macho.

Wapo wanaouliza: mtoto ambaye kwao chakula cha jioni ni usipa waliovuliwa kwa chandarua, atafundishwa vipi habari za huruma? Swali ni zito, na jibu lake haliwezi kuwa hotuba. Familia haitaacha chandarua kwa sababu mtoto amerudi na bango. Lakini mtoto anayeelewa kwa nini mbasa wamepungua ataielewa pia kamati ya wavuvi inapofunga mlango wa mto kwa msimu, na baada ya miaka 15 atakuwa yeye anayepiga kura katika kamati hiyo. Vivyo hivyo kwa maksai wa plau. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama ana hisia, lakini hakuna askari atakayesimama katika kila jaruba kukagua jeraha la nira. Atakayeliona ni kijana anayemswaga, kama alifundishwa kuliona.

Sipingi kwamba mtoto wa Kyela ajue Serengeti; ni urithi wake pia. Ninachowaomba walimu na halmashauri za Kyela na Rungwe ni kubadili mpangilio: somo lianze na mbasa, maksai na kipunji, likae nje ya darasa pale inapowezekana, na mzee aliyechunga au kuvua ukingoni mwa Mbaka aitwe shuleni afundishe angali hai. Wazee hao hawatatungoja.