Moto wa Dublin na Kitongoji Kilichosahaulika: Njia ya Kuwafikia Wahamiaji wa Ayalandi wa Karne ya 19

Anayeanza kumtafuta babu yake Mwayalandi aliyehama karne ya 19 huambiwa mapema: usijisumbue, kila kitu kiliungua Dublin mwaka 1922. Kauli hii imerudiwa mno hata ikawa kisingizio cha kutotafuta. Makala haya yanaipinga. Kinachomkwamisha mtafutaji ni kutojua kitongoji alikotoka mhamiaji, na jina la kitongoji hicho mara nyingi liliandikwa ng'ambo, kwa kauli ya mhamiaji mwenyewe.

Moto wenyewe haukanushiki. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ofisi ya Nyaraka za Umma katika majengo ya Four Courts ililipuka ikaungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea isipokuwa mabaki machache, na zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Kianglikana nazo zikateketea. Lakini sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeharibiwa zamani kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuulaumu moto kwa sensa zote nane ni kosa. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulioanza 1864 umesalimika. Rejista nyingi za ubatizo za Wakatoliki zilikuwa zimebaki parokiani, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha zake kwenye intaneti bila malipo.

Kwa nini basi watu wanakwama? Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na orodha za abiria mara nyingi zilitaja nchi tu. Jina peke yake hupotosha hata watu makini. Annie Moore wa Cork alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi aliaminika kuwa mwanamke fulani aliyefia Texas, hadi mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alipoonyesha kwamba huyo wa Texas alizaliwa Illinois. Annie halisi aliishi New York akazikwa Queens, katika kaburi ambalo halikuwa na jiwe hadi 2008.

Ushahidi wangu mkuu ni madaftari ya Emigrant Savings Bank, benki ya akiba iliyofunguliwa New York mwaka 1850. Sasa yamo katika Maktaba ya Umma ya jiji hilo. Wateja wengi hawakujua kuandika, na majina yao yalifanana. Karani alihitaji njia ya kumtambua mwenye fedha siku atakaporudi kuzidai. Akauliza: umezaliwa wapi? Ulikuja na meli gani, mwaka gani? Wazazi wako ni akina nani? Umeoa? Una watoto wangapi? Ndiyo maswali ya mzee wa kwetu kwa mgeni aliyebisha hodi: mtu wa wapi, mwana wa nani. Majibu yaliyoandikwa ili kulinda dola chache yamekuwa nasaba kamili, mara nyingi yakitaja parokia, pengine hata kitongoji.

Itasemwa kwamba benki ni ya wenye nacho. Mwanahistoria Tyler Anbinder ameonyesha vingine: wapangaji wa mwenye ardhi Lord Lansdowne kutoka kaunti ya Kerry, waliolipiwa nauli wakiwa hohehahe kutokana na njaa kuu ya Ayalandi, wamo katika madaftari hayo, tena wakiwa na akiba ya kushangaza. Kwa wasiofika New York, gazeti la Boston Pilot lilichapisha, tangu 1831 hadi 1921, matangazo ya kutafuta jamaa waliopoteana, nayo hutaja kaunti na parokia walikotoka.

Sidai kwamba kila ukoo utapatikana; parokia nyingi za magharibi zilichelewa kuanza rejista. Hata hivyo, mwelekeo wa utafutaji lazima ubadilike. Mtafutaji asianzie Dublin. Aanzie alikofia mhamiaji: kaburini, katika rejista ya ndoa, kwa mashahidi na wadhamini wa ubatizo, kwa majirani waliohama naye. Akishapata kitongoji, ndipo afunge safari ya Ayalandi.