Sumu ya kobra na mamba: namna inakata habari kati ya mishipa na misuli

Kobra wa msitu na mamba wa Jameson wote wawili wanaishi katika pori la Ituri. Mutu aliyeumwa na kobra huyo pengine havimbi sana. Kisha kope zinaanguka, ulimi unakuwa muzito, kumeza mate kunakuwa kazi, na mwishoni pumzi inakatika. Lakini bongo bado inafanya kazi: anaweza kusikia jamaa wakilia kando yake bila kuwa na nguvu ya kufungua macho. Kuna hatari ya kumuhesabu maiti wakati angali muzima.

Sababu iko pale mushipa wa fahamu unapokutana na musuli. Haviunganiki, mushipa unatuma kemikali inayoitwa asetilkolini, nayo inaingia mahali pake kwenye musuli kama ufunguo kwenye kufuli. Sumu ya kobra ina peptidi, ni kusema minyororo mifupi ya asidi za amino, 60 hadi 75 hivi, zenye kuziba kufuli hiyo. Amri inafika, mulango haufunguki. (Kifutu ni habari ingine: yeye anavimbisha na kutokesha damu.)

Ukali huo umefundisha wanasayansi mengi. Mwaka 1970, huko Paris, Jean-Pierre Changeux na wenzake walitumia peptidi ya nyoka wa Taiwan, bungarotoksini, kwa kuitambua ile kufuli ya asetilkolini. Mwaka 2012, watafiti wa Ufaransa walikuta katika sumu ya mamba mweusi peptidi zenye kutuliza maumivu ya panya kwa nguvu kama ya morfini, bila kupunguza pumzi yao. Si dawa ya kununua kwenye farmasi.

Kwa mukulima wa kakao kule Mambasa, cha maana ni saa. Serumu inashika peptidi zinazotembea kwenye damu. Zile zilizokwisha kujifunga kwenye musuli ni vigumu kuzing'oa. Hata serumu ikikosekana, kumupumulisha mugonjwa kwa mashine kunaweza kumuokoa, juu nguvu ya sumu inaisha kidogo kidogo. Jiwe nyeusi, lile wengi wanategemea, halivuti sumu. Kukata kwa wembe na kufunga kamba kwa nguvu kunaongeza vidonda tu. Mugonjwa asitembee, pete na bangili zitolewe, muguu aliyoumwa ufungwe na ubao usicheze, apelekwe hopitali bila kukawia. Kama ni kwa pikipiki, akae katikati, mutu mwingine amushike kwa nyuma.