KAMATA: Mabasi yaliondoka, jina likabaki kituoni

Wadau, ukiwa kwenye daladala Dar ukasikia konda anaita "Kamata! Kamata shusha!", usidhani kuna mwizi. Vijana wengi wananiuliza, leo nawapa kwa ufupi.

KAMATA ni Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na kituo kimerithi jina lake. Mama yake ni DMT, kampuni ya Waingereza iliyoanza kazi mwaka 1949. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, kisha 1974 ikaigawa mara mbili: UDA (Usafiri Dar es Salaam) ikachukua abiria wa mjini, KAMATA ikachukua wa mikoani.

Sasa zilikwama wapi? Nauli ilipangwa na serikali na ilikuwa ya chini, lakini spea zilitoka nje kwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 70 mafuta yakapanda bei, vita ya Kagera ikala hazina, dola zikaadimika. Basi likifa, linalala yadi. Abiria nao wanazidi kituoni!

Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi mjini. Nauli ilikuwa shilingi 5, yaani "dala", ndiyo ikazaa daladala.

Mimi naona ubaya haukuwa basi kuwa la umma. Ubaya ni nauli isiyoweza kununua hata spea. Mwendokasi ulipoanza Dar mwaka 2016, hesabu ilikuwa ileile: anayelipa gharama ni nani? Mnasemaje wadau?