Juu ya Kusoma Hati za Zamani za Wadachi

Wenzetu walimu walio katika sharika za Mbeya na Iringa wamepata kuona vitabu vya ubatizo vilivyoachwa na wamisionari Wadachi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wenzao wa Berlin walianza Unyakyusa mwaka huo huo, kisha wakaenea hata Ubena na Uhehe. Majina ya wazee wetu yamo humo, wala hatuwezi kuyasoma.

Sababu ni hii. Wadachi walikuwa na mwandiko wao wa kale, uitwao Kurrent. Katika mwandiko huo e hufanana na n yetu. U hutengwa na n kwa alama ndogo iliyopindwa juu yake. Na s ina sura mbili, moja fupi ya mwisho wa neno, na moja ndefu ya mwanzo na katikati, ambayo mgeni huisoma f au h. Tena sauti ya y waliiandika j, ndipo Nyasa ikawa Njassa. Naye Mkwawa wa Uhehe, aliyekufa mwaka 1898, huitwa Quawa katika vitabu vyao vingi, ingawa Mapatano ya Versailles ya 1919, kifungu cha 246, yamwandika Mkwawa. Amtafutaye katika herufi M peke yake atakosa habari nyingi.

Sisi wenyewe tulipata kuaibika. Mzee mmoja alikuja kutoka mbali, ataka kujua babaye Lusekelo alibatizwa mwaka gani, na mwana wa nani, kwa kuwa ndugu walikuwa wakishindania shamba. Tulipitisha kidole katika kurasa, tukaona kitu kama “Lufnknlo”, tukadhani ni jina la ugenini, tukamwambia mzee hayumo. (Wamisionari wengine waliandika majina ya watu kwa hati ya Kirumi iliyo wazi, huyu hakufanya hivyo.)

Baadaye tulipata karatasi ya Sala ya Bwana iliyoandikwa kwa mkono ule ule. Maneno yake ya Kidachi tuliyajua kwa moyo, basi tukayalinganisha herufi kwa herufi. Kwa wenye kuanza, hatujaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Wala shida hii si yetu tu. Shule za Ujerumani ziliacha mwandiko ule mwaka 1941, na vijana wao hawausomi. Huko Korea, Mfalme Sejong alitangaza herufi 28 mwaka 1446. Nne zimeachwa, na ya mwisho, irabu iliyoandikwa kwa nukta, iliondolewa katika kanuni za tahajia za mwaka 1933. Mkorea atakaye kusoma vitabu vya mababu hana budi kujifunza tena.

Tulipokifungua tena kitabu kile, Lusekelo alikuwamo, na jina la babaye kando yake. Tulinakili, tukapeleka. Nakala ilipokewa na mjukuu. Mzee alikuwa amekwisha zikwa.