Kabla ya kununua kishikwambi, chunguza umbo na mfumo endeshi

MIAKA michache iliyopita, mwandishi wa makala haya alimnunulia mpwa wake kishikwambi katika duka moja jijini Nairobi. Boksi lilidai kwamba kilikuwa na kiwambo cha inchi 10 na hifadhi ya gigabaiti 64. Kiwambo kilikuwa cha inchi 10 kweli. Hifadhi nayo ilijaa kabla ya vitabu vya muhula mmoja kumalizika kuingizwa, na betri haikustahimili masomo ya asubuhi moja. Muuzaji alipoulizwa, alijibu kwamba vifaa hivi vyote ni kitu kimoja, tofauti ni jina tu.

La hasha. Vishikwambi viwili vyenye ukubwa sawa na rangi sawa vinaweza kutofautiana jinsi baiskeli inavyotofautiana na pikipiki, na tofauti hiyo hutokana na mambo mawili: jinsi kifaa chenyewe kilivyoundwa, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote.

Kishikwambi, ambacho wengi nchini hukiita tabuleti, ni tarakilishi bapa ambayo mtu huitumia kwa kugusa kiwambo. Wakenya wengi walikiona kikifanya kazi rasmi Agosti 2019, maafisa wa sensa walipobisha milangoni wakiwa navyo badala ya makaratasi. Vifaa hivyo viliunganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Tanzania ilifanya vivyo hivyo katika sensa ya 2022, kisha ikawagawia walimu vishikwambi hivyo.

Hata hivyo, wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa 2002, kampuni ya Microsoft ilizindua toleo la Windows XP lililokusudiwa tarakilishi za kuandikia kwa kalamu. Viwanda vilileta maumbo mawili. La kwanza lilikuwa kipakatalishi cha kawaida ambacho kiwambo chake kilizungushwa na kulazwa juu ya baobonye. La pili lilikuwa bapa tupu, bila baobonye. Compaq TC1000, iliyouzwa na HP, ilijaribu kuwa vyote viwili, kwa kuwa baobonye yake ilichomolewa. Vifaa hivyo vilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, bei yake ilikuwa ya juu, na kiwambo kilitii kalamu maalumu badala ya kidole. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwamba Windows yenyewe iliundwa kwa ajili ya kipanya. Vitufe vyake vilikuwa vidogo mno, na aliyejaribu kufunga dirisha kwa mkono alihitaji subira ya mvuvi.

Aprili 2010 Apple ilipoanza kuuza iPad nchini Marekani kwa dola 499, haikuanza na mfumo wa tarakilishi ya mezani ikaupunguza. Ilichukua mfumo wa simu yake na kuupanua. Kifaa kilikuwa na kiwambo cha inchi 9.7, uzito wa gramu 680 na betri ya takriban saa 10. Hakikuwa na kamera hata moja, wala mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu. Wajuzi wa tarakilishi walikicheka. Wanunuzi hawakucheka.

Mwaka uo huo Samsung ilijibu kwa Galaxy Tab ya inchi 7. Hii ilikuwa na kamera mbili, nafasi ya kadi ya kumbukumbu, uzito wa gramu 380, na katika nchi nyingi iliweza kupiga simu. Ukitazama orodha ya vipuri pekee, Samsung ilikuwa imeishinda Apple. Lakini ilitumia Android 2.2, toleo ambalo Google yenyewe ilikiri kwamba halikuandaliwa kwa vishikwambi. Programu nyingi zilikuwa za simu zilizovutwa zikajaza kiwambo. Toleo la kwanza la Android lililokusudiwa vifaa hivi, la 3.0, lilikuja mwaka wa 2011 pamoja na Motorola Xoom.

Ukubwa wa kiwambo

Hapa wanunuzi wengi hukosea hesabu. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, kwa hivyo hazisemi lolote kuhusu umbo. Kiwambo cha Galaxy Tab ya kwanza, ingawa kilitajwa kuwa inchi 7 dhidi ya 9.7, eneo lake halikufika nusu ya lile la iPad. Kwa upande mwingine, kiwambo chembamba cha inchi 10.1 kina eneo linalokaribia sana lile la inchi 9.7 lenye umbo la uwiano wa nne kwa tatu.

Umbo la nne kwa tatu linakaribia karatasi ya kitabu. Lile jembamba, ambalo hupatikana katika vishikwambi vingi vya Android, linafaa filamu. Mimi ambaye riziki yangu ni kusoma kurasa zilizopangwa na wengine sina shaka ni lipi ningechagua, kwani kusoma ukurasa wa gazeti kwenye kiwambo chembamba ni kusogeza huku na huku mpaka macho yachoke. Anayetaka kutazama mechi atatoa hukumu tofauti.

Prosesa na mfumo endeshi

Vishikwambi vingi hutumia prosesa za usanifu wa ARM, zilezile za simu, ambazo hazili moto mwingi na hazihitaji feni. Vingine, hasa vya Windows, hutumia za Intel. Tofauti hii iliwaponza wengi Oktoba 2012 Microsoft ilipotoa Surface RT. Kifaa kilikuwa cha kupendeza: chuma chepesi, kiegemeo mgongoni, kifuniko ambacho pia ni baobonye. Kilionekana kama Windows, lakini kwa sababu prosesa yake ilikuwa ya ARM, programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo hazikuweza kusakinishwa humo. Aliyekinunua ili atumie programu ya hesabu za duka lake alirudi kwenye tarakilishi ya zamani. Julai 2013, Microsoft ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kutokana na vifaa hivyo. Surface Pro, iliyofanana nayo kwa sura lakini yenye prosesa ya Intel, ndiyo iliyoendelea kuishi.

Yapo pia makaburi. PlayBook ya BlackBerry ilitoka Aprili 2011 bila programu yake yenyewe ya barua-pepe, jambo la ajabu kwa kampuni iliyojijengea jina kwa barua-pepe. TouchPad ya HP, yenye mfumo wa webOS uliosifiwa na wengi, iliuzwa kwa majuma saba tu kabla ya kampuni kuiacha Agosti 2011 na kuiuza kwa dola 99. Vipuri vya vifaa hivi havikuwa vibaya. Vilikosa programu, na waundaji wa programu hawaendi pasipo na wateja.

Mifumo iliyosalia sokoni ni michache. iPadOS, iliyotenganishwa na mfumo wa simu za Apple mwaka wa 2019, ina programu nyingi zilizotengenezwa mahususi kwa kiwambo kikubwa, ila Apple huamua karibu kila kitu. Iliwachukua watumiaji hadi 2017 kupata programu ya kusimamia faili, na hadi 2024 kupata kikokotoo! Android humpa mnunuzi uhuru wa bei na wa umbo, na mara nyingi nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Windows hufaa anayetaka programu za ofisini zilezile za mezani. Vifaa vipya vya Huawei navyo, kufuatia vikwazo vya Marekani vya 2019, haviji na huduma za Google, na tangu 2021 kampuni hiyo huvipa mfumo wake wa HarmonyOS. Mzazi ambaye shule ya mwanawe hutegemea programu za Google aliulizie hilo kabla ya kulipa.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni muda ambao kifaa kitapokea masasisho. iPad ya kwanza ya 2010 iliachwa nje ya toleo jipya mwaka wa 2012. iPad Air 2 ya 2014 ilipokea matoleo mapya hadi lile la 2021. Samsung iliahidi miaka mitano ya masasisho ya usalama kwa Galaxy Tab S9 ya 2023. Vishikwambi vya bei ya chini visivyo na jina huenda visipokee hata sasisho moja, na baada ya muda programu za benki hukataa kufunguka humo.

Ukiwa dukani, usitosheke na boksi. Washa kifaa, fungua mipangilio, usome toleo la mfumo na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miaka mitatu nyuma, hicho si kifaa kipya hata kama kimefungwa kwa nailoni. Usiamini moja kwa moja hifadhi inayoonyeshwa, kwani kuna vifaa vilivyochezewa ili vidanganye. Nakili humo filamu kadhaa kubwa, kisha ufungue ya mwisho uone kama inacheza. Kumbukumbu ya muda isipungue gigabaiti 4, la sivyo kifaa kitasuasua kila programu mbili zinapokuwa wazi.

Na kwa anayenunua iPad iliyotumika, kuna hatua moja zaidi. Tangu 2013, Apple hufunga kifaa kwa akaunti ya mwenyewe hata kikifutwa chote. Mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, akiwashe upya, na usitoe pesa mpaka kikukaribishe kama mmiliki mpya.